Hisabu ya Macho

Mpwa wangu, kijana anayejifunza kuandika programu za kompyuta, alinijia asubuhi moja uso umemsawijika kama mtu aliyefukuzwa barazani. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika swali katika Stack Overflow, tovuti ambayo waandishi wa programu wa nchi nyingi huulizana na kujibizana, akalieleza kwa uangalifu wote alioweza, akaenda kulala na matumaini; alfajiri alipoifungua simu hakukuta jibu wala neno, ila tarakimu mbili zilizosimama chini ya kichwa cha swali, zikitaja kuwa swali limetazamwa mara 41. "Mjomba," aliniambia, "watu arubaini na mmoja wamelisoma swali langu, wakaniona mjinga, wakapita zao." Nilimkumbusha kuwa kuuliza si ujinga, lakini maneno hayo hayakumwingia, maana namba ina haiba ya shahidi mwadilifu, na mtu akisha kuiona huiamini kuliko neno lolote la kumliwaza.

Nilimwomba aketi, tukaanza kuipepeta namba ile kama mtu apepetavyo mchele ungoni, na mambo yaliyotoka katika ungo ule ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengi wanaoandika maswali na majibu mitandaoni na kuishi kwa furaha au kwa huzuni ya tarakimu zinazopanda chini ya maandiko yao. Namba ile haikuwa hesabu ya vichwa vya watu. Ilikuwa matokeo ya hukumu kadhaa zilizokatwa kimya kimya na mashine, kwa kanuni walizoiwekea watu walioitengeneza. Na hukumu ya kwanza katika kila hesabu, iwe ya mbuzi zizini au ya abiria chomboni, ni kuamua moja ni nini. Mchungaji haoni taabu katika jambo hili, kwa sababu mbuzi mmoja ni mbuzi mmoja hata akigeuka nyuma mara mia. Lakini mwenye tovuti hamwoni msomaji wake, wala hamsikii, wala hamgusi, na analopata kutoka kwake ni alama ndogo tu ya kupita, mfano wa nyayo katika mchanga wa pwani.

Mtu afunguapo ukurasa wa swali, simu yake hupeleka ombi kwa kompyuta inayohifadhi tovuti, iitwayo seva, na ombi hilo hufanana na barua fupi: hubeba anwani ya mtumaji ili majibu yajue pa kurudi, hutaja ukurasa unaotakiwa, na hutaja aina ya programu iliyolipeleka. Kwa mgeni asiyejiandikisha, seva haina mengi ya kujua zaidi ya hayo. Haijui kama aliyeishika simu ni mzee au kijana, kama amesoma mstari mmoja au ameyamaliza yote, kama amefahamu au amekereka, wala kama ukurasa umefunguliwa na kidole kilichoteleza. Katika miaka ya 1990, tovuti zilipokuwa bado changa, ilikuwa desturi ya wengi kuhesabu kila ombi lililofika na kuionyesha jumla yake chini ya ukurasa, kwa tarakimu zilizofanana na zile za mita ya gari. Na kila aliyetaka kujitukuza aliweza kukaa mbele ya mashine yake akaupakia upya ukurasa wake mwenyewe tangu adhuhuri hata magharibi, na kila mara mita ikamwongezea moja. Hesabu ya namna hiyo ilikuwa sahihi kama hesabu, walakini ilikuwa ushahidi wa uongo juu ya wasomaji.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza iliyobidi kukatwa ni ya marudio. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilichagua kanuni nyepesi: anwani ile ile ya mtandao ikirudi katika swali lile lile kabla ya muda wa robo saa kupita, haihesabiwi tena. Msomaji aliyelifungua swali saa mbili kamili, akalifunga, akalifungua tena saa mbili na dakika kumi, ni mmoja; lakini akiondoka kwenda kunywa chai na kurudi saa tatu, amekuwa wawili. Mpwa wangu aliponisikia nikisema hivyo alinyamaza kidogo, kisha akakiri kuwa yeye mwenyewe aliamka usiku mara kadha wa kadha kulitazama swali lake. Fauka ya hayo, mwenye moyo wa kusaidia, ambaye amelisoma swali, akaenda kuyajaribu maneno yake katika kompyuta yake, akarudi baada ya nusu saa kulisoma tena kwa sababu bado anatafuta jibu, huonekana katika hesabu kuwa watu wawili waliopita bila ya kujali, ilhali ni mtu mmoja aliyejali mara mbili.

Hukumu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kumtambua mtu kwa anwani yake. Mfumo wa kale wa anwani za intaneti, ambao ungali ukitumika kwa wingi hata leo, una nafasi ya anwani 4,294,967,296 tu, na watu waliopo duniani wamekwisha kupita bilioni 8, na baadhi yao wana simu, kompyuta na televisheni zinazodai anwani kila moja. Uhaba huo umeyafanya makampuni ya simu kuwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, mfano wa jumba la wapangaji ambao barua zao zote hufikia sanduku moja la posta kisha zikagawanywa ndani. Ndivyo ilivyo pia katika intaneti kafe, katika maktaba, na katika mabweni ya vyuo: mashine ishirini zilizomo ndani huonekana kwa ulimwengu wa nje kuwa mlango mmoja. Wanafunzi saba wa bweni moja, waliopewa zoezi moja na mwalimu mmoja, wakalifungua swali moja katika robo saa moja, wanaweza kuandikwa katika hesabu kuwa ni mtu mmoja. Kinyume chake, kijana anayelisoma swali akiwa chuoni kwa mtandao wa chuo, kisha akapanda daladala na kuendelea kulisoma kwa mtandao wa simu, amebadili anwani bila ya kubadili nia, na katika hesabu amezaliwa mara ya pili.

Jambo hili si dogo kwetu, na msomaji asilipite upesi. Mwenye anwani yake peke yake nyumbani, katika mji wenye nyaya nyingi na vyombo vingi, huhesabiwa kwa ukamilifu, na mara nyingine huhesabiwa zaidi ya ukamilifu. Bali wanaoshirikiana, ambao kwao kompyuta moja ni ya ndugu wanne na mtandao mmoja ni wa mtaa, huhesabiwa kwa upungufu. Hapana aliyekusudia dhuluma hiyo. Imezaliwa na kipimo kilichofikiria kuwa kila mlango una mtu mmoja nyuma yake, na katika miji yetu nyuma ya mlango mmoja kuna ukoo mzima.

Ipo njia nyingine ya kumtambua msomaji, nayo ni kile kijalada kidogo cha maandishi kiitwacho kuki, kilichobuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape. Seva humpa mgeni alama yake ya siri mara ya kwanza anapobisha hodi, na kivinjari chake huihifadhi alama hiyo na kuionyesha kila arudipo, kama cheti cha mlangoni. Njia hii hutenganisha watu waliomo nyuma ya anwani moja, na kwa hiyo ina insafu zaidi. Lakini nayo ina kasoro zake, maana mtu mwenye simu na kompyuta hupewa vyeti viwili, anayevifuta vyeti vyake kila jioni huwa mgeni mpya kila asubuhi, na wanaotumia simu moja kwa zamu hushirikiana cheti kimoja. Mwenye kujiandikisha na kuingia kwa jina lake ndiye atambulikaye kwa urahisi kuliko wote, lakini wapitao kwa kuelekezwa na mtambo wa kutafutia, wakachukua jibu walilolitaka na kwenda zao, aghalabu hawajiandikishi.

Hukumu ya tatu ni ya kumtenga asiyekuwa mtu. Mitambo ya kutafutia, kama Google, hutuma programu zake zizunguke mtandaoni usiku na mchana zikisoma kurasa, ili mtu akiuliza jambo iweze kumwelekeza mahali pa kulipata. Na kando ya hizo kuna programu za kunakili, za kupeleleza, na za kukusanya maandishi. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza kanuni ya adabu, kwamba kila tovuti iweke faili moja linalozieleza programu hizo wapi ziingie na wapi zisiingie, na programu zenye adabu hulisoma faili hilo na kujitaja kwa majina yao, zikatambulika na kuondolewa katika hesabu. Lakini programu zisizo na adabu hujivika joho la binadamu. Wapo wenye tovuti ambao, ili kuzikwepa, hawahesabu ombi la ukurasa wenyewe, bali hungojea kivinjari cha msomaji kikisha kuufungua ukurasa kirudishe ishara ndogo ya kuwa umefunguka, maana programu nyingi za kukusanya maandishi hazijishughulishi kuirudisha ishara hiyo. Basi nazo hutengwa. Lakini pamoja nazo hutengwa msomaji wa kweli ambaye amevizuia vijiprogramu vya namna hiyo katika kivinjari chake. Kila chekecheo huacha pumba kidogo na kupoteza nafaka kidogo.

Kuna hukumu ya nne ambayo mpwa wangu, kwa kuwa ni mwanafunzi wa fani hii, aliipenda kuliko zote, nayo ni ya kumbukumbu. Ili mashine isimhesabu mtu mara mbili, haina budi ikumbuke ni nani aliyekwisha kupita, na kukumbuka kuna gharama. Mwaka 2017 wahandisi wa Reddit, mtandao mkubwa wa mijadala wa Marekani, walieleza hadharani namna walivyolitatua tatizo hili: ukurasa mmoja uliotembelewa na watu milioni moja, kama kila mtu ana namba ya utambulisho ya baiti 8, hudai megabaiti 8 za kumbukumbu kwa ajili ya orodha ya waliopita tu, na kurasa zenyewe hazina idadi. Walitumia kanuni iitwayo HyperLogLog, iliyotangazwa mwaka 2007 na mwanahisabati wa Kifaransa Philippe Flajolet na wenzake watatu, nayo ni kanuni ya ajabu kwa sababu huhesabu umati bila ya kukumbuka jina hata moja.

Muradi wake waweza kufahamika kwa mfano wa shilingi. Mtu akikwambia kuwa amerusha shilingi na kila safari kuandika ni mara ngapi mfululizo kichwa kilitokea tangu mwanzo, na kwamba safari yake bora ilitoa vichwa 10 mfululizo, wewe hukuwapo, lakini waweza kukisia kuwa alifanya safari kama elfu moja, maana bahati hiyo huja mara moja katika 1,024. Mashine hufanya vivyo hivyo: hukigeuza kitambulisho cha kila mgeni kuwa mfululizo wa sifuri na moja unaofanana na urushaji wa shilingi, ikaangalia una sifuri ngapi mwanzoni, na kuhifadhi idadi kubwa kupita zote iliyopata kuonekana. Mgeni yule yule akirudi mara mia hutoa mfululizo ule ule, kwa hiyo haongezi kitu. Na kwa kuwa mgeni mmoja mwenye bahati ya nadra angeweza kuyaharibu makisio, wageni hugawanywa katika makundi mengi, kila kundi na daftari lake, kisha hutolewa wastani maalumu wa yote. Na katika programu ya Redis, ambayo hutumika sana kwa kazi hii, makundi hayo ni 16,384, jumla ya nafasi inayotakiwa ni kilobaiti 12, na kosa la kawaida ni asilimia 0.81. Mpwa wangu alichukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe, 16,384 mara biti 6, akagawanya kwa 8, akapata baiti 12,288, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamwona akitabasamu.

Tena msomaji asistaajabu akiona namba haipandi papo hapo anapoufungua ukurasa. Tovuti kubwa haziandiki katika daftari kuu kila mtu anapopita, kwa kuwa kuandika ni kazi nzito kuliko kusoma. Hukusanya idadi pembeni kwa muda, kisha zikaiingiza kwa pamoja, mithili ya mwenye duka apigaye vijistari katika kipande cha karatasi wateja wanapojaa, akaja kuvihamisha daftarini kaunta ikipungua watu.

Baada ya kujua namba inavyopatikana, yafaa kuuliza inahusu nini. Katika Stack Overflow namba ni ya ukurasa wa swali, na majibu yote yaliyo chini yake hushirikiana namba hiyo moja. Jibu bora lililosomwa na wote na jibu la mwisho ambalo wachache walilifikia hayatenganishwi. Tovuti ya Quora, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilishika njia nyingine, ikalipa kila jibu namba yake. Stack Overflow huwatunuku wenye maswali nishani kwa namba hizo: ya shaba swali likitazamwa mara 1,000, ya fedha likifikia 2,500, na ya dhahabu likifikia 10,000. Walioandika majibu nao huonyeshwa makisio ya watu waliowafikia, nayo hutokana na kutazamwa kwa kurasa ambazo majibu yao yalipata alama nzuri na kusimama mahali pa juu, ambapo yumkini msomaji aliyaona. Hata swali lililokaa wiki nzima bila ya kura, bila ya jibu, bila ya maoni, na kwa kutazamwa kidogo, limewekewa nishani yake, iliyopewa jina la kile kichaka kikavu kinachobiringishwa na upepo jangwani. Nalipenda jambo hilo, maana ni ungamo la wenye tovuti kuwa ukimya huwapata watu wengi, na kuwa si fedheha.

Lakini liko swali moja katika tovuti hiyo linalofundisha kuliko nishani zote. Mwaka 2009 mtu mmoja aliuliza namna ya kutangua kazi aliyokwisha kuihifadhi kwa makosa katika Git, programu ya kutunzia kumbukumbu za mabadiliko. Ni swali la mtu aliyekosea na anayetaka kurudi nyuma hatua moja. Swali hilo limetazamwa zaidi ya mara milioni 10, na kura zake za kuungwa mkono ni elfu ishirini na kitu. Msomaji azipime namba hizo mbili: kwa kila kura moja kuna mamia waliopita wasiache alama. Wengi wao hawakuwa na ruhusa ya kupiga kura, kwa sababu tovuti ilimtaka mtu awe na sifa 15 alizozichuma kwa kuchangia ndipo aweze kuunga mkono andiko la mwenziwe. Na wengine walikuwa na haraka, kosa lao likiwaka moto mbele yao, wakachukua dawa wakakimbia. Je, hao si wasomaji? Hao ndio wasomaji wenyewe. Kura hueleza waliopewa sauti, na hesabu ya kutazamwa, pamoja na kasoro zake zote, ndiyo pekee inayowashuhudia wasio na sauti.

Tena ni heri kuwa inawashuhudia bila ya kuwataja. Mwezi Agosti mwaka 2012 Quora ilianza kuonyesha hadharani majina ya watumiaji waliotazama andiko, ikidhani kuwa waandishi wangefurahi kuwajua wasomaji wao. Malalamiko yakazuka mara moja, na kabla ya mwezi huo kwisha ikaacha kuonyesha nani ametazama nini. Wazee walisema kuwa macho hayana pazia, na kwa kuwa hayana pazia, mwenye kutazama anahitaji stara. Mtu huuliza mtandaoni juu ya maradhi asiyoweza kumtajia jirani, juu ya ndoa inayovunjika, juu ya imani inayomtikisa, au juu ya jambo dogo la kazi yake ambalo anaona haya kuwa halijui. Na akijua kuwa jina lake litabandikwa mlangoni, hataingia, na elimu iliyowekwa wazi kwa wote itamkosa yule aliyeihitaji zaidi. Namba isiyo na majina ni adabu, kama mwenyeji ajuaye kuwa wageni kumi wamekula kwake, asizunguke mtaani akiwataja.

Basi namba hii tuitumie kwa kadiri yake. Asiyesomwa na wengi asijione si kitu, kwa kuwa kipimo huenda kimewafunga saba katika mmoja. Na aliyesomwa na wengi asijione ameongoka, kwa kuwa kichwa cha habari chenye kelele huita macho hata kama ndani hamna kitu, na debe tupu haliachi kuvuma. Mlango uliofunguliwa ndio namba inayoujua. Kilichotokea ndani baada ya mlango kufunguliwa, kama mtu alikaa, akala, akashiba, hakimo katika hisabu yoyote.

Swali la mpwa wangu halikujibiwa na mtu. Siku ya tatu aliligundua kosa lake mwenyewe: jina la faili alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa mahali ambapo lenyewe lina herufi ndogo, kompyuta yake ikamsamehe, na seva isimsamehe. Nilimshauri asilifute swali, na kwa kuwa tovuti humruhusu mwulizaji kujijibu, akaandika jibu lake chini ya swali lake, mistari minne, kwa lugha nyepesi.

Baadaye nilimpitia katika intaneti kafe anakofanyia kazi zake jioni. Alikuwa ameketi, na vijana wanne wamemwinamia mabegani, vichwa vitano kwa kioo kimoja. Mmoja wao alikuwa amepatwa na kosa lile lile. Mpwa wangu aliufungua ukurasa wake, akaweka kidole juu ya ile herufi kubwa, na yule kijana akatoa kijitabu cha mazoezi mfukoni akainakili kanuni kwa kalamu ya risasi. Huko mbali, katika seva, iliongezeka moja, na pengine isiongezeke hata hiyo. Mpwa wangu aliinuka akampisha mwenziwe kiti ili ajaribu mwenyewe, na ile namba iliyosimama chini ya kichwa cha swali sikumwona akiitazama.